Akodioni ya Wakili

Majuzi nilisimama ndani ya mashua pale Kihoto, na mwenye mashua akanigombeza.

"Mathe, keti. Hii si lori ya kusimama. Ukianguka, viboko hawaulizi ulikuwa unatafuta nini."

Nikamwomba anivumilie kidogo. Akazima injini, akaniangalia vile watu huangalia mtu aliyefiwa. Sikuwa nimefiwa. Nilikuwa nimefika getini kwa Wakili, hiyo tu, ingawa geti lenyewe liko chini ya maji pamoja na nyumba, na barabara, na shamba la sukuma wiki la shosho, nyanya yangu.

Nitakueleza kwa nini nilisimama. Lakini nivumilie na wewe. Shule niliachia darasa la nane, na nikiandika huwa sijui kama nimeweka mambo mahali pake. Tena wote ninaowasema walikuwa watu wazima na mimi nilikuwa mtoto, kwa hivyo pale nisipokuwa na hakika nitasema sina hakika.

Kihoto yetu ilikuwa kavu. Ziwa lilikuwa mbali, ng'ambo ya ile migunga ya manjano, tukilijua kwa harufu ya matope asubuhi na kelele za ndege jioni. Kabla jua halijatoka, mabasi ya mashamba ya maua yalipiga honi, mama akatoka mbio na mkate mkononi, nami nikabaki na Shosho. Kazi yangu ilikuwa kuchota maji, kuchambua mahindi na maharagwe ya kupika githeri, na kufukuza kuku wa jirani wasimalize sukuma. Jirani mwenyewe ndiye Wakili. Kati yetu na yeye kulikuwa na ua wa kayaba, wenye miiba mirefu na matunda ya manjano makali sana, ambayo tuliyala tukikunja uso na bado tukarudi kwa mengine.

Watu walishangaa mtu wa suti anafanya nini katikati ya wafanyakazi wa maua. Yeye asubuhi alienda kortini, jioni veranda yake ikajaa watu wenye shida zao, na wote aliwaambia neno moja: "Usikubali kosa ambalo hukufanya, ati ndio urudi nyumbani mapema." Fundi wa baiskeli wa hapo kwetu alishikwa siku moja kwa kuzurura, na yeye alikuwa amesimama nje ya kibanda chake mwenyewe. Askari wakamwambia akubali, alipe kidogo, aende. Wakili akamwambia akatae. Akakataa. Ni kweli aliachiliwa na jina lake likiwa safi, lakini pia ni kweli alikaa ndani zaidi ya vile angekaa, na mke wake alimlaani Wakili njia yote ya kwenda kumpelekea chakula. Nayasema yote mawili kwa sababu yote mawili yalitokea.

Jumapili alikuwa mzee wa kanisa letu. Ndiye aliyebeba mkate na kikombe cha meza ya Bwana, na akisoma neno ulisikia mpaka nje barabarani.

Halafu kulikuwa na akodioni. Unaijua, kile kinanda cha kuvuta na kukunja kifuani. Baba yake alikuwa akiipiga kwenye densi huko Elmenteita, akamwachia. Jioni ungeisikia kwanza ikihema kama mzee anayepanda mlima, kisha ikafungua koo. Wakili akiipiga alifumba macho. Suti, korti, kesi za watu, vyote vilimtoka usoni.

Shosho alipoisikia alifunga dirisha, hata kama moshi wa jikoni ulikuwa unatuua.

Usimwone mbaya. Babu yangu alipenda mwomboko, ile densi ya akodioni ya hatua mbili halafu unainama, akaipenda mpaka akafuata kundi moja la wapigaji hadi Molo, na hakurudi. Shosho alilea watoto peke yake, akaokoka, akawa mama mkubwa kwenye ushirika wa uamsho. "Watu wengine huhubiriwa shetani," alizoea kusema. "Mimi wangu nimemsikia sauti. Na nyinyi mnamsikia kila jioni hapo kwa jirani, mnasema ni muziki."

Basi siku za taifa, Madaraka, Mashujaa na Jamhuri, Wakili alitundika bendera ndogo kwenye veranda, akawakusanya watoto wote wa mtaa na kutupanga mistari. Shosho aliniruhusu kwa sababu ya wimbo wa taifa. "Uimbe, urudi. Na usile kitu cha huko." Mandazi nilikuwa nakula. Wakili alikuwa mkali siku hizo, na hotuba zake kuhusu nchi zilikuwa ndefu mpaka chai ikafanya ngozi juu.

"Ukisimama mbele ya nchi yako, usijikune."

"Wakili, na siafu?" mmoja wetu akauliza.

"Siafu nao ni wananchi. Simama."

Alitaka beti zote tatu. Ubeti wa kwanza kila mtu aliujua, wa pili tuliungaunga, wa tatu tulikuwa tunafungua tu midomo. Alikasirika sana. "Mnauimba kama mnasoma risiti. Hii ni sala, jamani. Nchi hii ilianza ikiomba, na nyinyi mnaimalizia miayo." Akaufundisha mstari kwa mstari, akodioni ikituongoza, mpaka ukatuingia.

Mahali pangu kwenye mstari palikuwa karibu na ua, na kayaba ilikuwa na tundu. Ndipo nikamwona Shosho. Alikuwa kwenye sukuma na jembe. Akodioni ilipoanza wimbo wa taifa, aliliweka jembe chini, akanyoosha mgongo, mikono ubavuni, macho mbele. Midomo yake ilikuwa inatembea. Alisimama hivyo, matope hadi kwenye magoti, beti zote tatu, halafu akaokota jembe na kulima kwa hasira kuliko mwanzo. Kila sikukuu ilikuwa hivyo. Wimbo ulikuwa sala, na Shosho hangeweza kuipita sala akiwa ameinama, hata kama imeletwa na chombo anachokichukia.

Wakili naye alimwona. Najua, kwa maana ubeti wa tatu ukifika aligeuka polepole, kama mtu anayerekebisha mkanda wa begani, mpaka akaelekea ua, na hapo aliipiga taratibu kuliko kawaida.

Hakuna aliyesema kitu. Ingebaki hivyo, kama si Jumapili ya mavuno.

Siku hiyo stima ilipotea katikati ya ibada, kinanda cha kanisa kikanyamaza. Mchungaji akamwambia Wakili, "Kwako ni karibu. Kimbia ulete ile yako, Mungu ataelewa." Akaleta. Akapiga wimbo wa kitabuni, tena kwa heshima. Lakini akodioni ni akodioni. Miguu ikaanza. Mzee mmoja muuza miche, mwenye goti bovu, akatoka katikati ya viti: hatua mbili, akainama. Hatua mbili, akainama. Kanisa likacheka, likapiga makofi, kina mama wakapiga vigelegele. Nataka kumtendea Shosho haki: pale hapakuwa na mavuno tena, palikuwa na densi. Aliinuka, akaenda mbele, akachukua malenge yake kwenye meza ya sadaka, akatoka nayo. Wamama wa ushirika wakamfuata.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, tulibaki. Mchungaji hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anaona nusu ya kanisa lake ikienda. Akamwambia Wakili jambo ambalo sisi sote tulilijua, kwamba kwetu mtu akivunja ushirika husimama, hutubu, tunamsamehe, tunaimba, limeisha.

"Sema tu umekosa na uiweke kando hiyo kitu. Jioni utakunywa chai kwako ukiwa bado mzee wa kanisa."

Wakili akatabasamu kidogo. "Mchungaji, hayo maneno nayasikia kila siku kortini. Kubali, uende nyumbani." Akamgeukia Shosho. "Mama, kama nimekuumiza nisamehe, na hapa kanisani sitaileta tena. Lakini kusema kuipiga ni dhambi, hiyo dhambi nimeitafuta ndani yangu nikaikosa. Nikiitubu nitakuwa nimemdanganya Mungu mbele yenu, na mtanipigia makofi."

Shosho akasimama. "Mwanangu, sikuchukii. Lakini mimi najua inapopeleka watu. Haijawahi kumpeleka mtu kwa Mungu. Nitajie mmoja."

"Unaye wa kumtaja?" mchungaji akauliza. Na alikuwa anatamani awe naye, ulimsikia kwa sauti.

Mimi nilikuwa nimeketi chini kwenye mkeka, miguuni pa Shosho. Nilimwangalia juu, na nikaona wakati alipokumbuka. Mkono wake uliokuwa unakaza leso ulisimama hapo hapo shingoni. Wakili alikuwa anamwangalia. Jina moja tu, la Shosho mwenyewe, lingetosha. Kanisa lote lingegeuka, ushirika wake wote ungegeuka, na Wakili angebaki mzee wa kanisa na akodioni yake.

"Simwiti mtu yeyote," Wakili akasema, akaketi.

Nimeifikiria hiyo miaka mingi. Huenda ilikuwa kiburi. Huenda mtu wa korti anajua shahidi wa kuvutwa kwa nguvu anaweza kukugeuka. Sina hakika. Lakini niliyaona macho yake, na mimi naamini aliona kwamba ili ashinde ingebidi amvue nguo mama mzee mbele ya wenzake, akakataa.

Uzee wa kanisa wakauchukua. Kikombe kilibebwa na mtu mwingine, na Wakili akaketi kiti cha nyuma, karibu na mlango, kila Jumapili. Kanisa hakuhama.

Siku ile tukirudi nyumbani Shosho alisimama tulipofika kwenye kayaba.

"Aliniona?"

"Nani, Shosho?"

"Usinifanye mjinga. Sikukuu. Nikiwa kwa sukuma."

"Alikuona. Kila sikukuu."

Akatembea. Baadaye akasema, "Songa, githeri itaungua." Githeri hatukuwa tumeweka motoni.

Ningependa kukuandikia kwamba Jumapili iliyofuata alisimama kanisani akasema ukweli. Hakusema. Sijui kama alishindwa au aliona si lazima. Alilofanya ni hili. Jamhuri ilipofika, alioga asubuhi, akavaa nguo ya kanisa na leso nyeupe, akatoka, na badala ya kwenda shambani akaenda kusimama kwenye geti la Wakili. Nje, barabarani, mahali wamama wa ushirika walipitia wakienda sokoni. Hakuingia. Wakili alipomwona, vidole vilimpotea kidogo, sauti moja ikatoka vibaya, akaanza upya. Shosho alisimama wima beti zote tatu, na watu wakipita wakimwona. Alipoitwa ale mandazi alisema ameshiba, akarudi nyumbani. Dirisha hakulifunga tena jioni, ingawa akodioni hakuipenda hata siku moja.

Shosho alitangulia kabla ziwa halijapanda, na namshukuru Mungu hakuona. Wakili nasikia alihamia Lanet kwa mtoto wake. Kama akodioni alitoka nayo au iliachwa kwenye maji, kila mtu ananiambia lake. Watoto wa siku hizi husimama pia wimbo ukipigwa, nisiwaseme vibaya. Lakini mtu wa kukufundisha mpaka mstari wa mwisho, hata siafu wakikupanda, huyo sijamwona tena. Na ile kayaba, yenye tundu la kumwonea mtu akisali, samaki ndio wanaipita sasa.

"Mathe, tumekaa sana," mwenye mashua akaniambia. "Keti twende."

Nikaketi. Ubeti wa tatu nilikuwa nimeumaliza.