Safari Hii Kidole Kilikuwa Changu

Mwanangu, siku niliyochukua mkopo wa gari langu la kwanza hapa Buffalo, Marekani, naikumbuka mpaka ladha ya kahawa niliyopewa. Nilikuwa nimeanza kuota mvi, lakini katika nchi hii nilikuwa mtoto wa mwaka mmoja, na mtoto hafichi utoto wake. Nilikuwa kibarua kiwandani Tonawanda, nimepelekwa na kampuni inayokodisha wafanyakazi. Zamu ya alfajiri haikuwa na basi. Bila gari hakuna kazi, na nyumbani kulikuwa na watoto watatu.

Kijana wa ofisi ya mikopo alinipokea kwa heshima, akaijaza fomu mwenyewe. Kila alipoweka kidole, mimi niliweka sahihi. Usinicheke. Kambi ya wakimbizi nilikaa miaka kumi na miwili, na kule aliyemuuliza ofisa maswali aliogopa faili lake litalazwa chini ya mengine yote. Tulijifunza kutabasamu na kusaini.

Majira ya baridi kiwanda kikatupumzisha sisi vibarua. Malipo ya gari yakaanza kuchelewa, barua za kutisha zikaja. Binti yangu mkubwa akapekua karatasi za mkopo akakuta kumbe kila mwezi nilikuwa nalipia na bima, kwamba nikikosa kazi, bima hiyo italipa deni la gari. Nilifurahi sana, nikampa simu awapigie watu wa bima. Wakamjibu kwamba bima ile ni ya walioajiriwa moja kwa moja, kibarua haimhusu. Nilikuwa nimelipia mwavuli wa mtu mwingine.

Nikaenda kulia kwa Mama Furaha, mjane wa kanisani kwetu aliyetangulia kufika mji huu. Nilitaka anihurumie. Yeye akataka karatasi, akaniuliza kwa Kiswahili chetu cha nyumbani, kilichochanganyika na Kifaransa.

“Ulisaina karatasi yenye haukusoma?”

“Yule kijana alinipokea muzuri, mama. Ningemuuliza, angeona namudharau.”

“Bon. Na apa penye wanauliza kazi yako, ni nani aliandika?”

Nikatazama. Jina la kampuni ya vibarua lilikuwa pale, kwa mwandiko wa kijana mwenyewe.

“Donc alijua we ni kibarua, na akakuuzisha bima yenye haisaidiake kibarua. Ile ni kosa yake. Kosa yako ni kunyamaza. Apa hatuko mu kambi. Kesho unaenda kuuliza.”

Maneno yale yaliniuma, mwanangu, kwa sababu yalikuwa ya kweli. Asubuhi binti yangu akaniambia, kwa Kiingereza kama kawaida yenu vijana, kwamba atanisemea. Nikamwambia aje akae tu. Sahihi ilikuwa yangu, na mdomo ungekuwa wangu.

Kiingereza changu kilichechemea, lakini kilifika. Nilimwekea meneja wa ofisi ile ya mikopo karatasi mbili juu ya meza, fomu ya mkopo na masharti ya bima. Nikamwonyesha kazi yangu kwenye fomu, kisha nikamwonyesha mstari unaomkataa kibarua. Nikasema, mliniuzia kitu mlichojua hakinifai, nirudishieni. Alisoma, akakohoa, akasema wataniandikia. Nikakataa kuinuka mpaka aandike kwamba amepokea malalamiko yangu. Akaandika. Nikamwonyesha mahali pa kuweka sahihi, na safari hii kidole kilikuwa changu.

Baada ya wiki kadhaa wakarudisha kila senti niliyoilipia bima ile. Kwa fedha hizo nikalipa malipo niliyochelewesha, na gari likabaki mlangoni. Wanasema mnyonge hana haki. Mimi nasema mnyonge aliyetunza karatasi zake na akafungua mdomo, anayo. Nilitembea kutoka ofisini siku ile nimeinua kichwa, na sijakiinamisha tena.

Sasa wewe kesho unakwenda kuchukua mkopo wako wa kwanza. Kahawa yao kunywa, haina ubaya. Lakini kuuliza si ujinga, wala si utovu wa adabu. Uliza kila ukurasa unalipia nini na unamfaa nani, na usiposhiba majibu, rudi nyumbani na kalamu yako. Ukikuta umekosewa, usije kwangu kulia. Njoo na karatasi.

Mungu akupe jicho la kusoma na moyo wa kuuliza, na mkono wako usitetemeke mbele ya meza ya mtu yeyote. Nenda, mwanangu, na baraka zangu ziende nawe.