Mtoto Aliyerudi na Mazoea ya Nyumba Nyingine

Pavlina alikuwa na wivu, ila mbele ya watu aliuita uchovu wa kiwanda. Alishona viatu huko Gabrovo, mji wa Bulgaria, na uchovu haukumpungukia, kwa hiyo waliamini.

Mambo yalianza Jumapili moja ya vuli, binti yake Ralitsa, wa miaka sita, aliporudishwa kutoka kwa baba yake. Rosen na Pavlina walishaachana, na Rosen alishaoa mwanamke mwingine, Zornitsa. Mtoto alivua viatu mlangoni, akaenda moja kwa moja kunawa mikono kwa sabuni, hata katikati ya vidole. Kisha akaomba tufaha.

"Tufaha? Si nimekununulia biskuti za chokoleti?"

"Zori anasema biskuti ni za sikukuu, mama."

Zori! Zornitsa kashakuwa Zori! Pavlina alichomwa kama na sindano ya cherehani. Mtoto huyuhuyu, ambaye kumpigisha mswaki ilikuwa vita ya kusikika ghorofa tatu, sasa alitoa mkobani mswaki mpya wa kijani, akasugua bila kuambiwa, akaenda kulala katuni zikiendelea.

Kesho yake alimsimulia shoga yake Ginka, waliyekaa naye mashine jirani. Ginka akaangua kicheko.

"Kakuchukulia mume, sasa anakulelea na mtoto, bure! Mpelekee maua, mwenzangu!"

"Afadhali angemharibu," Pavlina akajibu, na maneno yake mwenyewe yakamtisha.

Lakini wivu haukutishika. Alinunua mswaki wa umeme, wenye taa na wimbo. Rali akausifu, akauweka kando, akasugua kwa ule wa kijani. Mtoto alipolala, Pavlina akautumbukiza wa kijani kwenye pipa la taka. Asubuhi akasema umepotea.

Rali alilia, kisha akagoma. Mswaki hataki, kunawa hataki, tufaha hataki. Ili kumlainisha, Pavlina akampa peremende na katuni mpaka macho yakawa mekundu. Mtoto akajilaza mapajani mwake, na Pavlina, Mungu amsamehe, akajiona kashinda.

Ijumaa shavu la Rali likavimba. Daktari wa meno akachungulia, akatikisa kichwa.

"Gego hili si la wiki hii, mama. Limeanza kuoza zamani."

Zamani, yaani kabla ya Zori. Pavlina hakuwa na wa kumsukumia lawama.

Jumamosi alimpeleka mwenyewe mtoto kwa baba yake. Rosen alikuwa kazini; Zornitsa akafungua mlango, mikono imejaa unga. Rali akapita mbio kwenda kunawa.

"Mswaki wake haukupotea," Pavlina akasema, hata salamu hajatoa. "Niliutupa mimi."

"Nilijua tangu Rali aliponiambia kwa simu. Hapotezi vitu."

"Unamfanyia nini mwanangu hata akutii hivyo?"

"Anitii mimi?" Zornitsa akacheka. "Mimi ndiye ninayemtii yeye. Tunasugua pamoja, halafu ananikagua kinywa. Majuzi kanirudisha mara tatu kama mwanafunzi mtoro."

Kwa Pavlina amri zilitoka jikoni kwa kupaza sauti, yeye mwenyewe akipiga pasi.

"Na wewe nieleze," Zornitsa akaendelea, sauti imepoteza kicheko, "supu yako ya maharage unatia nini? Kila nikipika, yule bibi mdogo anasukuma bakuli: 'Si kama ya mama.' Nimechoka na ya mama, ya mama!"

Moyo wa Pavlina ukapoa kama uliomwagiwa maji. Akamtajia vitunguu, karoti, pilipili tamu ya unga. Mnanaa mkavu, siri ya supu yenyewe, akaunyamazia. Mpaka leo hajautaja, na anasema hatautaja.

Jumapili jioni alisimama na binti yake mbele ya kioo, kila mmoja na mswaki wake. Alipomaliza akainama, akaachama. Rali akachungulia kwa uso mkavu wa hakimu.

"Huko nyuma hujafika, mama. Rudia."

Akarudia.

"Zori huwa anafika."

Wivu ukampanda. Akatema povu, akafungulia maji, akaweka dawa nyingine kwenye mswaki.

"Basi nishike kidevu," akasema, "unionyeshe anavyofanya."

Mtoto akapanda juu ya kigoda, akamshika.