Nyumba Niliyoijenga kwa Kamba

Iko siku moja, mwanangu, ambayo haijanitoka kichwani, ingawa nimejenga nyumba nyingi tangu hapo. Unanijua. Shule niliiachia darasa la sita, na leo ukiuliza pale Keroka mwenye malori matatu ya mchanga ni nani, hata mtoto atakuonyesha mlango wangu. Sikurithi hata sururu. Lakini nyumba yangu ya kwanza sijawahi kukusimulia, kwa sababu haikuwa na ukuta.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Baba alinikatia kipande cha ardhi chini ya shamba la chai, akaniambia nijenge, ndiyo desturi yetu. Mabati sikuwa nayo. Nikapigilia vigingi, nikazungusha kamba ya katani: hapa sebule, hapa chumba cha kulala, kule jikoni. Kisha nikapangusa miguu pale mlango ungekuwa, nikaingia.

Cheka tu. Siku hiyo nilikaa humo mpaka jioni, na kesho yake nikarudi. Ndani ya kamba nilikuwa na viti, redio, na mke asiyenung'unika. Nilijua hata anavyokohoa. Mwezi wa tatu tangu hapo nikaacha kuchuma chai. Kazi ya nini, na nyumba imekwisha?

Na wakati huo kulikuwa na Moraa wa kule Magwagwa, msichana wa kweli kabisa. Nilikuwa nimemwahidi kupeleka wazee kwao. Alituma salamu mara mbili, nikanyamaza. Mara ya tatu akaja mwenyewe, mchana, ukungu umeshuka hadi kwenye chai. Nyanya yangu, tuliyemwita Magokoro, akamleta mpaka kiwanjani.

Moraa akaruka kamba, akanijia moja kwa moja.

"Umepita ukutani!" nikapiga kelele.

Akatazama nyasi, akanitazama, akacheka. "Pole, bwana mwenye nyumba. Basi nipe chai, nimetembea tangu asubuhi."

"Ngoja, anapika," nikasema.

Mwanangu, neno lilitoka lenyewe. Moraa akaacha kucheka.

"Nani anapika?"

Magokoro hakuvuka kamba. Alizunguka kwa nje mpaka pembe ya jikoni, akainama. Pale palikuwa na mafiga matatu. Mimi sikuyaweka. Jivu hakuna, kuni hakuna. Akagusa moja, akauondoa mkono haraka.

"Ni la moto," akasema. "Kijana wangu, humu umemkaribisha nani?"

 Mpaka leo sijui ni nani.

"Ng'oa hivi vigingi sasa hivi. Ama huyu msichana aende kwao, na usimwone tena."

Hapo ndipo aibu yangu ilipo: nilisimama nikifikiria. Moraa alikuwa na matope hadi magotini, amekasirika, na kwao wangetaka ng'ombe wenye kwato. Yule mwingine hakutaka chochote. Moraa akageuka. Hatua nne tu, ukungu ukaanza kummeza mgongo. Ndipo nikashika kigingi cha kwanza.

Vilikuwa kumi na viwili. Nilipofika kile cha mlangoni, nyuma yangu nikasikia kikombe kikiwekwa mezani, taratibu, kama mtu ameniandalia. Moraa alikuwa amerudi. Alisikia pia, nilimwona usoni.

"Usigeuke," akasema, akakishika kigingi pamoja nami, tukavuta.

Tulianza na chumba kimoja cha udongo, paa linavuja, tukigombana sufuria iwekwe wapi. Mabati nilinunua kwa kuchuma chai ya watu. Malori yalikuja baadaye sana. Pale kiwanjani nilipanda majani ya mifugo, yakaota vizuri kote. Lakini ng'ombe wangu hula mpaka ilipokuwa kamba, halafu huinua kichwa.

Kwa hiyo nikikuona umejifungia na simu, unacheka na watu usiowajua, na mama yako amekuita chakula mara tatu, mimi sikucheki. Kuwaza si kosa. Hata lori nililiwaza kwanza. Ila ukishawaza, toka ukachimbe msingi siku hiyo hiyo. Na mtu wa kweli akikujia, mwenye matope miguuni na maneno makali, mpokee kabla hajageuka.

Nyasae, Mungu wetu, akupe paa linalovuja, mwanangu, na mtu wa kushika sufuria upande wa pili.