Mashua ya Kuzamishwa

Jumamosi nilipanga foleni kwenye kibanda cha simu hapa Umoja. Mlango wake haufungi, kwa hiyo siri ya mmoja ni yetu sote.

Ndani alikuwa bwana mmoja wa Pwani, bado amevaa ovaroli ya kiwandani, akizungumza na mkewe. Tukajua upesi kwamba mashua yake ndogo ya tanga imelala bandani tangu aje Nairobi, mbao zimeachana, na jirani anaitaka akapasue kuni.

"Usimpe," alisema. "Waambie wenzangu waisukume pale ghubani, waijaze mawe mpaka izame. Waiache humo humo."

Akaweka simu. Mama aliyekuwa mbele yangu akatua kikapu chake.

"Baba, unazamisha mashua yako mwenyewe?"

Bwana akapanga vidole vyake, akaviachanisha kidogo. "Mbao zikikauka huwa hivi, mama. Zikinywa maji zinavimba." Akavibana. "Zinashikana tena. Kisha unatoa mawe, unachota maji, inaelea."

"Na ilikauka kwa nini?"

"Mwenyewe niko huku."

Sisi wa mitaa hii kila mmoja ana kitu kinachokauka kwao, na tukiulizwa tunasingizia kazi.

Mama akamsukumia ule mlango. "Ingia tena. Zamu yangu nimekupa."

Akapiga tena, nasi tukasikia wazi: "Mawe msiyatoe. Nakuja kuyatoa mwenyewe."