Kidole Kimoja kwa Duara Zima

Duarani kwetu, shimo letu la dhahabu, tulikuwa wanne, na mawe tulikuwa tunayaamua kwa sampo. Unatoa kipande kimoja kwenye mfuko, unatwanga, unaosha kwenye karai. Dhahabu ikionekana, mfuko mzima unaenda karasha, mashine ya kusaga mawe. Kwa hiyo wauguzi walipoleta hema la kupima ukimwi pale machimboni, mimi ndiye niliyesema, "Aende mmoja. Tunakula sahani moja, na wanawake wa vibandani ni walewale. Nikiwa mzima mimi, wote wazima."

Nikaenda. Tone la damu, robo saa, mstari mmoja: sina. Nilirudi natamba.

Aliyefurahi zaidi ni mwenzetu mmoja wa duarani, rafiki yangu niliyetoka naye kijijini Didia. Alikuwa ameanza kukonda na kukohoa. Watu wakimwambia akapime, najibu mimi: "Ashapimwa huyu, nilimpimia." Kuna jamaa wa karasha nusura nimpige ngumi kwa hilo.

Miezi ikapita. Siku moja akashindwa kupanda kamba, tukamvuta kama mfuko wa mawe. Nikampakia bodaboda hadi zahanati.

"Shikamoo mama. Huyu mpe dawa ya kifua tu. Ukimwi hana, nilipima."

"Marahaba. Ulipima wewe au yeye?"

"Mimi. Tuko duara moja."

Muuguzi hakucheka. "Damu yako ni yako peke yako, baba. Hata hiyo, ulirudia baada ya miezi mitatu? Kipimo hiki hakimwoni mdudu. Kinaona askari ambao mwili unawatoa kupigana naye, na askari wanachelewa kutokea."

Sikuwa nimerudia.

Akampima yeye. Mistari miwili. Akaleta kipimo cha aina nyingine, nacho miwili. Rafiki yangu hakulia. Aliniangalia tu, akasema taratibu, "Mimi nilikuamini, nkoi." Rafiki, kwa kilugha chetu.

Mimi mtu akinitukana najua cha kufanya. Pale sikujua. Nikanyoosha kidole changu kwa yule mama, bila kuambiwa. Mstari mmoja, na tarehe ya kurudi.

Kesho yake niliwaita wale wenzetu wawili wapande kutoka chini shimoni, wakapime. Mmoja akauliza, "Si ulishatupimia?" Nikamwambia apande tu, kosa lilikuwa langu, nitawasindikiza.

Rafiki yangu alianza dawa siku ileile aliyopimwa. Kila jioni nampelekea kikombe cha maji. Anameza, ananirudishia kikombe, ananigeuzia mgongo. Mimi nakaa hapohapo mpaka alale.