Upupu Kwenye Mboji ya Kijiji

Mimi ndiye niliyempaka mgeni wa serikali upupu, na hata leo nikisimulia natazama chini.

Tulikuwa tumehamia kijiji cha ujamaa karibu na Ilongero, nami mke mgeni nisiyejua kunyamaza, nikasimama mkutanoni kuwapinga wazee waliotaka kukata migunga ya shamba la kijiji, nikasema majani yake tukiyaozesha tutapata mboji ya viazi vitamu (bwana shamba alinifundisha mara moja tu, nikajiona bwana shamba mwenyewe). Aliyeitaka ikatwe zaidi ya wote ni baba mkwe wangu, Mzee Njiku. Ikaamuliwa nipande viazi katikati ya miti msimu mmoja, kisha mgeni wa wilayani aje aone, aamue.

Viazi vikakubali. Tatizo ni lundo la mboji nililobakiza la kuonyesha, maana majani yakioza hunywea, na langu lilinywea likawa kama kichuguu kichanga. Asubuhi ya ugeni nikaona haya, nikakimbilia kichakani, nikazoa kwa reki magunia mawili ya majani makavu, nikayamwaga juu, likapendeza. (Nilijikuna kidogo, nikadhani ni jasho.)

Mgeni alipofika nilihutubia mpaka koo likakauka, nikamalizia, "Ingiza mikono, ndugu, usikie ilivyo laini." Akakunja shati, akazamisha hadi viwikoni. Baba mkwe, asipitwe, akachota na kunusa.

Mgeni akaanza kujikuna mikono, kisha shingo, kisha kwa mikono ile ile akajishika uso, na Mzee Njiku naye akavua koti, akavua na shati, mbele yangu mimi mkwewe, akawa anasugua mgongo kwenye mgunga.

"Mama, umetia nini humu?" mgeni akauliza.

Bwana shamba, aliyefuatana na mgeni, akaokota ganda lenye manyoya kwenye yale majani ya kichakani. "Upupu," akasema, hakuniangalia.

Wanawake wakaleta majivu, mgeni akapakwa hadi masikioni, akasema taratibu, "Ng'oeni hivyo viazi nione, niende zangu."

Tukang'oa, na vilikuwa vinene, kila shina viazi vitano kama vidole vya mkono. Migunga ikaachwa.

Baba mkwe nikimwamkia shikamoo aliitika kwa mbali, mikono mfukoni, mpaka mvua za mwaka uliofuata. Nami lundo langu likinywea siku hizi naliacha linywee, na mgeni akija namwonyesha lilivyo dogo.