Penseli Pembeni mwa Kitabu cha Mashine

Mwanangu, kuna asubuhi moja ya ujana wangu ambayo hainitoki akilini. Nilikuwa nakereza vyuma katika karakana hii hii, hapa Voi. Nilikuwa mtu wa haya. Shule niliishia darasa la nane, na kusoma nilisoma kwa kufuata mstari kwa kidole.

Mama Wakesho alifika kutoka Marungu na shafti ya pampu ya kisima, imekatika. Ng'ombe wao walikuwa na siku mbili bila maji. Sisi tulikuwa na vipande viwili tu vya chuma cha unene ule.

Mkubwa wangu, Mzee Mwakio, aliniambia nifungue kitabu cha mashine, kilichonizidi umri, nitazame jedwali la gia za kufunga kwenye mashine kabla sijakata thredi za kushika nati. Lakini wenzangu walikuwa pale. Sikutaka waone kidole changu. Nikakisia gia, nikakata kipande cha kwanza.

Nati iliingia mizunguko miwili, ikakwama. Mama Wakesho akauliza kama ile ni shafti au ni mwiko wa kusongea ugali. Wenzangu wakacheka sana.

Mzee hakucheka. "Unaona haya kusoma polepole," akaniambia, "lakini huoni haya kuharibu chuma cha watu?"

Basi nikasoma, kidole mbele ya wote. Nilipofika kwenye mstari wenyewe, nikakuta fundi mmoja wa zamani, marehemu sasa, ameandika pembeni kwa penseli: "Gia hii ilivunjika, tukaweka nyingine. Fuata mstari wa chini." Moyo ukanienda mbio! Mtu nisiyewahi kumwona alikuwa ananifundisha kazi. Nikafunga gia alizosema, nikakata kipande cha mwisho. Nati ikateleza mpaka mwisho, naizungusha kwa kidole kile kile. Nilipiga kelele ya furaha, mimi niliyeogopa hata kusalimia wateja. Jioni ile pampu ya Marungu ilitapika tope, kisha maji, na ng'ombe hawakungoja kuitwa.

Mwanangu, simu yako inajua mashine nyingi, lakini haijui hii yetu ilivunjika wapi na nani aliitengeneza. Kitabu kinajua. Usikichane kufutia girisi. Kisome polepole, wakuone. Na ukigundua jambo, liandike pembeni kwa penseli, maana yupo atakayelihitaji ambaye bado hajazaliwa.

Mungu akupe mikono isiyotetemeka, na kila nati yako iingie mpaka mwisho.